Mstari wa Kwanza ni wa Mwenye Mahali

Sogeeni. Wewe uliye mlangoni, ingia au toka, usinisimamie katikati. Simu zenu zizimeni. Kuzilaza kifudifudi si kuzizima. Nataka kimya, maana habari hii haipendi kelele, na mimi sina pumzi ya kushindana na redio ya jirani.

Mnalijua duka la vipuri la marehemu mzee Radjabu, pale Buyenzi, karibu na magereji. Nyuma yake kuna stoo ya bati, ndefu, yenye giza hata saa saba ya mchana. Mzee Radjabu hakusoma shule, kama mimi tu, lakini alikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo kitu pekee ambacho mwanawe hakukirithi.

Alipokuwa anachimba msingi wa stoo ile, udongo ulikuwa ukirudi shimoni wenyewe. Wanachimba leo, kesho wanakuta pamejaa, pamesawazishwa kama kitanda kilichotandikwa. Siku ya nne akaota ndoto, na alipoamka akasema amekubaliana na mwenye mahali. Jini hakutaka mbuzi, hakutaka damu wala halua. Alitaka jambo moja: ndani ya stoo hii, wa kwanza asiwe mwanadamu.

Basi mzee akaweka desturi. Kila alipofungua daftari jipya, la wateja au la wafanyakazi, alisema Bismillahi, akauruka mstari wa kwanza, akaanzia wa pili. Mstari wa kwanza ulibaki mtupu. Hakuutia nukta, hakuutia hata kistari. Ukimuuliza alikujibu kwa upole, "Huyo alitutangulia." Na binti yake mkubwa, Khadidja, aliandika madaftari hayo miaka ishirini, akiuruka mstari wa kwanza kama mtu anavyoruka miguu ya mzee aliyelala.

Mzee akafariki. Akaja Seifu.

Seifu ni ndugu mdogo wa Khadidja. Alikaa Dubai miaka mitatu, akarudi na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani ya stoo. Akawa anajigonga kwenye rafu, halafu anazitukana rafu. Nyumba ya baba yake Buyenzi aliiona ndogo, akahamia Kigobe na mkewe Saliha, kwenye geti refu, asije akasalimiwa na watu wanaomjua tangu anatambaa. Na madaftari akayaona aibu. Akanunua lojisieli, programu ya kompyuta ya makampuni makubwa, akamleta na fundi wa kuifunga, kijana wa Mutanga Sud aitwaye Népomuscène. Watu walimwita Injenyeri, naye alipenda hivyo.

Injenyeri akaeleza kwamba ndani ya mashine kila daftari linakuwa tabulo, yaani jedwali lenye mistari ya majina. Zikawa tabulo nne. Ya wanaoleta mali, ya wateja, ya wafanyakazi, na ya nne ya watu wa nyumbani kwa bosi, kwa ajili ya asiransi, yaani bima, ya ugonjwa. Khadidja akamsogelea.

"Injenyeri, hii mustari ya kwanza uiache mutupu."

"Mutupu apana, mama. Lojisieli haikubali. Kila mustari lazima iwe na mutu."

"Mutu yuko. Ni jina tu haandikwi."

Népomuscène alicheka kwa puani, kama watu wanavyocheka wakishapewa diploma. Seifu akaja, mikono mfukoni.

"Andika mi. Kwa tabulo zote ine, mi wa kwanza. Si ni mi bosi?"

"Seifu, mdogo wangu, baba alituambia..."

"Baba alikuwa anaruka mustari sababu macho yake yalikuwa mabovu, dada. We uliona siri, mi niliona mutu anahitaji miwani."

Akasema hivyo juu ya baba yake, ndani ya stoo ya baba yake, na hiyo miwani yake nyeusi usoni. Injenyeri akaandika Seifu, Seifu, Seifu, Seifu. Madaftari yakafungwa kwa kamba yakatupwa juu ya rafu.

Miezi miwili hakikutokea kitu. Kisha Jumatatu moja, karibu na adhana ya alasiri, Khadidja akiwa peke yake mbele ya kompyuta, akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya karatasi iliyonyeshewa mvua, ile ya daftari lililosahauliwa nje. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Halafu nyuma yake, gizani kati ya rafu, akasikia mtu analowesha kidole gumba kwa ulimi, polepole, na kufungua ukurasa. Ukurasa mmoja tu. Akageuka. Pistoni, klachi, filta. Hakuna mtu. Alipoirudia kompyuta, ilikuwa imeandika kwamba tabulo ya wanaoleta mali haipo.

"Umegusa nini, dada?" Seifu akamwuliza alipofika.

"Mi sikugusa kitu."

"Mashine haifuti yenyewe. Mikono yako imezoea biki ya kuandikia, ndiyo shida."

Wakati wanabishana akaingia Mirindi, mfanyabiashara Mkongomani ambaye alikuwa akileta filta kutoka Uvira tangu enzi za mzee. Akamsalimia Khadidja, akavuta kiti, akakaa karibu na Seifu hadi magoti yakagusana. Akanywa chai. Akanywa ya pili. Kisha akamgeukia Seifu na kumwuliza kwa heshima:

"Kaka, na we unamungoja Seifu? Mi niko hapa karibu saa nzima. Huyu mutu anachelewa sana."

Seifu akacheka. Mirindi hakucheka. Alimtazama kama unavyomtazama mtu wa kwenye foleni, usiyemfahamu wala huna haja ya kumfahamu. Akamaliza chai, akaaga, akaacha ujumbe kwa Seifu, akampa Seifu mwenyewe aupeleke.

Jumanne Injenyeri akaja na mkoba wake. Mjue alivyohangaika, huyo msomi. Kwanza akasema wameingia kwenye hifadhi isiyo yao, tabulo iko kwingine. Akatazama, hifadhi ilikuwa ileile. Akasema basi ni ruhusa, tabulo iko lakini mashine imekatazwa kuionyesha. Akajipa ruhusa zote za dunia, hakuona kitu. Akasema ni yale marekebisho ya juma lililopita, yalikatika katikati umeme ulipozima. Mwisho akafungua kumbukumbu ya mashine, ile inayoandika nani amefanya nini na saa ngapi, maana alitaka kumkamata Khadidja kwa ushahidi. Kumbukumbu ilisema: tabulo imefutwa, Jumatatu, saa tisa na nusu, na. Hapo penye jina la aliyefuta palikuwa peupe.

"Haiwezekani," Injenyeri akasema taratibu. "Hii lojisieli haikubali mustari mutupu."

"Sasa imekubali," Khadidja akasema.

Injenyeri akarudisha kopi ya akiba aliyokuwa ameitunza. Tabulo ikarudi, majina yote, Seifu juu kabisa. Seifu akapiga makofi. Kabla viganja havijaachana, harufu ya karatasi mbichi ikapanda kutoka sakafuni, na wote watatu wakasikia kidole kinaloweshwa na ukurasa unafunguliwa, safari hii karibu, karibu kiasi kwamba Injenyeri alishika sikio lake kama lililopuliziwa. Tabulo ikaondoka mbele ya macho yao, na ya wateja ikaifuata.

Nje kaunta ilikuwa imejaa mafundi wa gereji. Seifu akatoka jasho likimtiririka, akasema, "Karibuni, jamani." Fundi mmoja mwenye mikono ya oili akamsukuma kwa bega.

"We kaka, toka kwa njia. Tunatafuta bosi."

"Ni mi bosi."

Wakacheka wote. "Na mi ni imamu wa msikiti," mwingine akasema. "Sogea, baba, bado hatujala."

Jioni ile Khadidja alimfuata ndugu yake hadi kwenye gari. Alikuwa ameanza kuelewa, maana alihesabu vizuri kuliko wasomi wote wawili. Tabulo ya wanaoleta mali imekwenda, na anayeleta mali hamjui. Tabulo ya wateja imekwenda, na wateja hawamjui. Akamshika mkono.

"Mdogo wangu, toa jina yako. Leo. Bado mbili, na mi niko mu tabulo ya wafanyakazi."

"Unataka nitoke ili jina ya kwanza ibaki ya nani, dada? Yako? We ndio uko mustari ya pili."

Hayo ndiyo aliyomjibu. Dada aliyemlea, aliyemfuta kamasi. Nayo yalikuwa maneno ya mwisho kumwambia akiwa bado dada yake.

Jumatano alasiri ukurasa ulifunguliwa mara ya tatu. Seifu alikuwa chooni. Aliporudi stoo, Moubarak, msimamizi wa wafanyakazi, mtu aliyekula mkate wa nyumba ile miaka kumi, akamzuia kifuani.

"Unatafuta nini huku ndani?"

Seifu akatoa karangamuntu, kitambulisho chake. Moubarak akaitazama, akamtazama yeye, akaitazama tena.

"Hii ni ya bosi. Umeitoa wapi? Umemufanyia nini bosi wetu?"

"Dada," Seifu akaita. "Dada Khadidja, waambie."

Khadidja akainua macho kutoka mezani. Alikuwa na macho ya upole, kama siku zote. Akasema, "Moubarak, usimupige. Pengine ni mugonjwa. Umuonyeshe njia tu." Na kitambulisho kikabaki mezani, kimngoje mwenyewe.

Sasa Seifu alibaki na nini duniani? Tabulo moja, mistari mitatu. Yeye, mkewe Saliha, na binti yao Sumaya aliyekuwa hajatimiza siku arobaini. Alifika Kigobe bila miwani. Ilimdondoka alipokuwa akisukumwa. Akamweleza Saliha yote, na Saliha, ambaye hakuhitaji diploma ili ajue moto unaunguza, alitoka asubuhi ya Alhamisi akarudi na Bibi Asiya wa Buyenzi.

Bibi Asiya anatibu kwa dua na ubani. Seifu alikuwa akimwita yule bibi wa moshi. Siku hiyo alimfungulia geti kwa mikono miwili. Bibi akakataa kochi, akakaa chini, akaweka chetezo mbele yake. Injenyeri alikuwa ameitwa pia. Yeye alimtambua Seifu vizuri, kwa kuwa hakuandikwa katika tabulo yoyote. Akakaa mezani na kompyuta yake ndogo, tabulo ya nne imefunguliwa, akitabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Nisome, we endelea kucheka," Bibi Asiya akamwambia. "Meno yako hayanisumbui."

Akaanza Ayatul Kursi. Ilikuwa saa nane ya mchana, jua limejaa sebuleni, mapazia yote wazi, na bado wote waliokuwapo waliona moshi wa ubani ukipanda kutoka chetezoni hadi usawa wa meza kisha ukapinda, ukashuka, ukaanza kuingia kati ya vitufe vya kompyuta kama maji yanavyoingia mchangani, na harufu ya karatasi mbichi ikaijaza nyumba yote hadi mtoto akakohoa mikononi mwa mama yake, na vidole vya Injenyeri vikasimama, na tabasamu lake likabaki pale pale mdomoni huku nyuma yake sauti nyingine ikianza kusema, sauti kavu, ya zamani, isiyokuwa na haraka, ikitoka katika kinywa ambacho midomo yake haikuwa ikitikisika.

"Nani ananisumbua kwa ajili ya kitu hiki?"

"Ni mimi, baba," Bibi Asiya akasema, kichwa chini. "Asiya."

"Wewe nakujua. Una adabu. Huyu simjui, nami nimemfanya asijuliwe. Nilikuwa pale kabla ya bati, kabla ya barabara. Baba yake alikuja na koleo, akapiga hodi. Akanipa mstari. Miaka yote ile hakuna aliyeukanyaga, hata panya. Kisha kikaja hiki, kikakaa juu ya kichwa changu na viatu."

"Unataka nini kwake, baba?"

"Ana nini nikitake? Nataka asiwepo pale. Ajitoe kwa mkono wake kabla ya adhana ya alasiri, akakae chini ya watu wote. Huyu mwanamke na mtoto nitamwachia. Wale wengine nimekwisha kula. Sirudishi kilichoshuka tumboni."

"Na asipojitoa?"

Ulisikika ukurasa tu, haukufunguliwa, ulianza kuchanwa, kidogo, kisha ukaachwa hivyo.

Injenyeri akazinduka akaomba maji. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Akasema kwa sauti ndogo kwamba inawezekana, ni kubadilisha sharti moja, baada ya nusu saa mstari wa kwanza utaweza kubaki mtupu. Hakusema tena kwamba lojisieli haikubali.

"Fanya, baba," Saliha akasema. "Fanya haraka."

"Na mi niende wapi?" Seifu akauliza.

"Chini ya wote," Bibi Asiya akasema. "Mustari ya mwisho. Chini ya Sumaya."

Mnasikia. Mtu amepoteza wauzaji, wateja, wafanyakazi na dada. Kilichobaki ni mke na mtoto, na anaambiwa shuka mistari mitatu, ubaki nao. Hata mtu mwenye akili ya kuku angeshuka. Seifu alimtazama mtoto wake aliyefungwa nguo, mwenye maziwa kidevuni, akaona aibu.

"Niandikwe chini ya mutoto mwenye bado ananyonya? Karatasi ya asiransi ikitoka, watu wasome vile?"

"Seifu," Saliha akasema. "Watu gani?"

Watu hakuwa nao tena. Akamvuta Injenyeri korido, wakanong'ona. Najua walichonong'ona maana Injenyeri mwenyewe alikuja kukaa kwenye mkeka wangu baadaye, akaeleza akilia.

"Acha jina pale pale," Seifu alimwambia. "Ila uiandike na rangi nyeupe. Juu ya nyeupe. Itaonekana mutupu."

"Bosi, apana. Nilisikia kinywa yangu inasema maneno yenye si yangu. Tuache mambo ya kudanganya."

"We uko injenyeri ama uko muganga?"

Na hilo likamchoma, msomi huyo. Alipoulizwa hivyo, akaona heri jini kuliko kuonekana mshamba. Akaenda akapaka jina rangi nyeupe, na chini ya Sumaya hakuandika kitu.

Wakarudi sebuleni. Bibi Asiya akainama mbele ya kioo cha kompyuta. Juu palikuwa peupe.

"Umetoka?" akamwuliza.

"Nimetoka, bibi."

"Kwa mkono yako?"

"Kwa mkono yangu."

Bibi akanusa. Akanusa tena. "Mbona harufu haijatoka? Na chini ya mutoto sioni jina yako." Akamgeukia, na uso wake ulikuwa umechoka. "Seifu, mwana wa Radjabu, yule hasomi kwa macho. Ulimudanganya nani?"

Seifu akafungua kinywa aseme, na hapohapo adhana ya alasiri ikaanza mbali, ikaja ikipita juu ya mapaa, na kabla muadhini hajamaliza shahada ya kwanza kila mtu ndani ya chumba alisikia ulimi ukilowesha kidole, bila haraka, kisha karatasi ikichanwa kutoka juu hadi chini, kwa urefu, sauti ndefu isiyokwisha iliyopita kati ya kochi na meza, ikapita mbele ya uso wa Seifu hadi nywele zake zikatikisika, ikaenda hadi pale Saliha alipokuwa amesimama na mtoto kifuani, ikakoma. Kioo kikaandika kwamba tabulo ya watu wa nyumbani haipo. Harufu ikaondoka yote kwa mara moja, na sebule ikanuka ubani tu, vizuri, kama nyumba ya sikukuu.

Saliha akapepesa macho. Akamtazama mwanamume aliyesimama mbele yake. Kisha, polepole, kama mwanamke mwenye heshima zake anapokutwa na mgeni asiye ndugu yake, akauvuta mtandio mbele, akafunika nywele, akamgeuzia mtoto upande wa pili.

"Karibu, kaka," akasema. "Mume wangu hayuko. Ungemungoja nje."

Akatoka akangoja nje. Bibi Asiya alikusanya chetezo chake akalia hadi Buyenzi.

Jamaa zake wakamtafuta Seifu, maskini wale, hadi Uvira walitangaza. Masheikh wakahesabu miaka minne, kisha wakasema inatosha, mtu huyu ahesabiwe amekufa, Saliha akae eda, mali igawanywe. Nilikuwapo siku ile ya hitma. Mimi sijaandikwa katika tabulo ya mtu yeyote, ndiyo maana nilimwona pale alipokuwa amekaa, karibu na ndala za watu, na nikamjua; lakini sisi tusioandikwa tulipomtaja, tulionekana wagonjwa.

Sumaya, kwa kuwa ni binti pekee, alipata nusu, nayo ni nyumba ya Kigobe na geti lake. Saliha alipata thumni yake, sehemu moja ya nane, akanunua cherehani mbili. Khadidja, dada, akachukua kilichobaki, yaani duka na stoo. Bibi Asiya aliletewa kondoo, akamkataa. Kompyuta ilipewa Injenyeri, akaiacha mlangoni kwangu, sijaifungua. Na nguo za marehemu zikatolewa sadaka kwa masikini waliokuja kusoma hitma, kila mmoja kipande kimoja. Aliyekaa karibu na ndala alipewa shati la bluu. Akalivaa palepale, na Saliha, akimpitishia sinia ya pilau, akasimama kidogo, akastaajabu jinsi lilivyomkaa sawasawa mabegani.